Ukuta wa vioo ukitazama machweo: utatupa joto au utatuunguza?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, habari za kazi. Tunakaribia kuchimba msingi. Tunakokaa, mchana jua ni kali na usiku ni baridi ya kutafuta blanketi la pili karibu mwaka mzima. Ramani tuliyochorewa ina sebule yenye ukuta mzima wa vioo unaotazama machweo, kwa sababu mandhari nzuri iko upande huo. Fundi anasema vioo hivyo ni sola ya bure: vitakusanya joto mchana, tulale nalo usiku. Mume wangu anasema tutaungua alasiri na kutetemeka alfajiri. Tumsikilize nani? Na je, ni kweli njia hii ni endelevu kuliko kuweka paneli?"

Dada, kwa ukuta huo mumeo amepatia. Fundi wako naye hajatunga, ila ameanza maelezo akayakatisha njiani. Ni kweli kioo hukusanya joto la jua. Lakini hakilitunzi. Kinacholitunza ni zege, tofali, jiwe au maji yaliyomo ndani ya nyumba, na kinacholizuia lisitoroke ni dari nzuri, kihami joto na mianya iliyozibwa. Kioo peke yake ni kuchota maji kwa pakacha: utachota kweli, lakini ukifika nyumbani hujui yamemwagikia wapi.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimchorea mtu chumba cha vioo cha kupumzikia, nikajisifu sana. Miezi michache baadaye mwenye nyumba akaniita, akanikaribisha humo saa 9 alasiri, akafunga mlango, akakaa kimya. Hatukumaliza dakika 10. Alikuwa amekwisha hamishia viti vyote koridoni. Chumba kile usiku kilikuwa baridi kuliko jikoni, na hilo ndilo lililomshangaza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kinyume chake.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi, hugonga sakafu na viti, navyo hupata joto. Vitu vilivyopata joto hutoa mionzi ya namna nyingine, ya mawimbi marefu, ambayo kioo cha kawaida hakiipitishi. Ndiyo maana gari lililoachwa juani vioo vikiwa vimefungwa huwa tanuri. Watu wengi huishia hapo na kudhani joto limenaswa. Halijanaswa. Kioo chenyewe hupata joto kutoka ndani na kulikabidhi kwa hewa ya nje usiku kucha.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua dirisha la mita 1 ya mraba linalotazamana na jua. Siku ya baridi yenye anga safi, dirisha kama hilo laweza kuingiza ndani kilowati-saa 2 hadi 3 za joto. Sasa, kioo cha bamba moja hupoteza wati zipatazo 5.8 kwa kila nyuzi joto 1 ya tofauti kati ya ndani na nje. Tofauti ikiwa nyuzi 20 kwa saa 24, umepoteza kilowati-saa 2.8. Yaani ulichochuma mchana kimeondoka chote, na siku ya mawingu umeingia hasara. Dirisha la mabamba mawili yenye hewa katikati hupoteza chini ya nusu ya hapo, kama kilowati-saa 1.3. Kwako tofauti ya nyuzi 20 labda ni kubwa mno. Ikiwa ni nyuzi 10, gawanya hasara kwa 2. Hata hivyo umeona mchezo ulivyo: dirisha ni biashara yenye mapato ya mchana na matumizi ya usiku, na fundi amekusomea upande wa mapato tu.

Upande wa pili wa hesabu ndio ninaoupenda zaidi, maana ndio unaoeleza kuungua kwa alasiri. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari la mita 2.5 kina mita za ujazo 40 za hewa. Kilowati-saa 3 zile za dirisha moja zikiingia kwenye hewa hiyo peke yake, bila kuguswa na kitu kingine, zingeipandisha zaidi ya nyuzi 200. Haitatokea, kwa sababu kuta zitafyonza na mianya itavujisha, lakini hesabu hiyo inakuonyesha jinsi hewa ilivyo nyepesi, haiwezi kubeba joto. Zichukue kilowati-saa hizohizo 3, zimimine kwenye sakafu ya zege ya chumba hichohicho, unene wa sentimita 10: itapanda nyuzi zisizozidi 4. Utaikanyaga usipate habari. Halafu jua likizama, sakafu hiyo itazirudisha chumbani polepole, saa baada ya saa. Maji yana uwezo huo karibu mara mbili ya zege kwa ujazo uleule, ndiyo maana wapo waliopanga mapipa meusi yaliyojaa maji nyuma ya dirisha na wakalala kwa raha.

Kwa hiyo, swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: jua likishaingia, litagonga nini? Akikujibu "zulia", rudini mezani. Zulia juu ya zege ni kofia. Joto hubaki juu, hupasha hewa, na sakafu haipati kitu. Sakafu inayopigwa na jua iwe wazi, yenye rangi nzito kidogo, ya vigae, jiwe au saruji iliyosuguliwa. Wala usikubali kuongezewa unene bila sababu. Katika mzunguko wa mchana na usiku, joto huingia zege sentimita 10 hadi 15 hivi kisha hurudi. Kinachozidi hapo kwa sehemu kubwa unalipia saruji. Afadhali eneo pana kuliko unene.

Sasa tuje kwenye mwelekeo, na hapa ndipo machweo yanapokuharibia.

Hukuniambia uko umbali gani kutoka Ikweta, na jambo hilo linabadilisha nusu ya ushauri. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, navyo husema: elekeza madirisha kusini, basi. Ushauri huo ni sahihi kwao. Mahali palipo latitudo ya digrii 40 kaskazini, jua la saa 6 mchana katikati ya baridi huwa digrii 26 na nusu tu juu ya upeo, na katikati ya kiangazi hupanda hadi digrii 73. Ukiweka upenu wa nusu mita juu ya dirisha la kusini lenye kimo cha mita 1.5, wakati wa kiangazi kivuli chake hulifunika dirisha zima, na wakati wa baridi hufunika sentimita 25 za juu tu. Kipande kimoja cha paa, hakina mota, hakina swichi, na kinajua majira. Mtu wa kusini ya mbali hufanya hivyohivyo, ila dirisha lake hutazama kaskazini.

Ukiwa kati ya tropiki mbili, yaani mistari ya digrii 23 na nusu kaskazini na kusini ya Ikweta, hadithi ni nyingine kabisa. Kwenye Ikweta yenyewe, jua la saa 6 mchana halishuki kamwe chini ya digrii 66, na miezi sita liko upande wa kaskazini, miezi sita kusini. Madirisha ya kaskazini na kusini hayapati jua la kutosha kupasha nyumba, na hilo ni faida: kwa dirisha la kimo kilekile cha mita 1.5, upenu wa sentimita 65 hadi 70 unatosha kulizuia jua la mchana kabisa, ukapata mwanga bila joto. Jua linaloingia ndani kwelikweli ni la mashariki na la magharibi, kwa kuwa liko chini. Saa 10 jioni, siku usiku na mchana vinapolingana, liko digrii 30 tu. Upenu wa kulizuia jua hilo lisiguse ukuta mzima wa vioo ungekuwa mrefu kuliko kile chumba cha mita 4.

Na jua la jioni lina ubaya wa ziada ambao la asubuhi halina. La asubuhi linaikuta nyumba imepoa. Kuta na sakafu zina njaa ya joto. La jioni linaikuta nyumba imekwisha shiba siku nzima, na hewa ya nje iko kwenye joto lake la juu. Anga likiwa safi, jua la alasiri linaweza kumwaga wati 500 na zaidi kwa kila mita ya mraba ya kioo wima kinachotazamana nalo. Ukuta wenu wa vioo ukiwa na mita za mraba 10, hizo ni wati 5,000. Hata robo ikirudishwa nje, mnabaki na joto la hita mbili kubwa za umeme zilizowashwa pamoja sebuleni, na hakuna pa kuzimia. Mapazia hayatasaidia sana, maana yako upande usiofaa: jua limekwisha ingia, linapasha pazia, na pazia linapasha chumba. Kivuli cha kweli huwekwa nje ya kioo.

Ningekuwa mimi, upande huo wa machweo ningejenga ukuta mzito, wa tofali au jiwe, unene wa sentimita 20 au zaidi, wenye dirisha moja la kiasi lililo na mbao za kufunga kwa nje. Sababu yake inapendeza. Kwa wastani joto hutembea ndani ya ukuta wa namna hiyo kama sentimita 2.5 kwa saa. Jua linaloupiga saa 10 jioni hujitokeza upande wa ndani karibu na saa 6 usiku, wakati mnatafuta blanketi la pili. Ukuta huohuo ukijengwa mahali ambapo usiku pia ni joto la kufukuta ni adhabu. Watu hulala wakishangaa kwa nini ukuta wa kitandani unapumua moto usiku wa manane ilhali jua limezama zamani. Kwenu ni zawadi, ingawa si yote inayofika ndani: ukuta ulio wazi hurudisha sehemu kubwa ya joto lake nje.

Kuna waliolitatua hilo la kurudi nje. Mmarekani Edward Morse alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1881 kwa wazo la kuweka kioo mbele ya ukuta mweusi. Likasahauliwa. Mwaka 1967, huko Odeillo, kwenye milima ya Pyrenees ya Ufaransa, mhandisi Félix Trombe na msanifu majengo Jacques Michel wakajenga nyumba yenye ukuta mzito uliopakwa rangi nyeusi, kioo mbele yake, na nafasi ya hewa katikati. Tangu hapo ukuta wa namna hiyo unaitwa kwa jina la Trombe. Kioo hapo hakimulikii chumba, kazi yake ni kuuvisha ukuta koti. Ni kitu kizuri, lakini sikusukumi huko. Kioo hicho lazima kisafishwe, kinahitaji kivuli cha kushushwa msimu wa joto, na wajenzi wachache wanajua kukipachika bila kupasuka. Anza na ukuta wa kawaida.

Madirisha ya kukupa joto, basi, yawe wapi? Kama mko ndani ya tropiki, mashariki: dirisha la kiasi cha kutosha katika chumba mnachoamkia au mnachokaa asubuhi, likipiga sakafu tupu. Saa 2 asubuhi mtalishukuru. Kama mko nje ya tropiki, elekezeni vioo vikubwa upande wa Ikweta na muweke upenu uliopigiwa hesabu. Ukubwa? Kipimo kinachotumiwa na wasanifu wa latitudo za kati ni kwamba vioo vya upande wa jua vikizidi asilimia 7 ya eneo la sakafu, lazima uongeze uzito wa ndani wa makusudi. Na hata ukiuongeza, ukipita asilimia 12 unaanza kutafuta matatizo. Kwa nyumba ya mita za mraba 100, hiyo asilimia 7 ni mita za mraba 7 za vioo. Linganisha na mliochorewa.

Kitu ambacho hukuniuliza, nami siwezi kukuacha bila kukisema, ni paa. Karibu na Ikweta paa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta wowote, na usiku safi ndilo linalotazamana na anga baridi na kulimwagia joto lenu. Bati tupu lisilo na dari ni kioo cha pili, kibaya kuliko cha kwanza. Kabla hujatoa hela ya ziada kwa kioo chochote, hakikisha kuna dari lisilovuja hewa na kihami joto juu yake: sufu ya mawe, nyuzi za karatasi zilizotiwa dawa ya kuzuia moto, hata majani makavu yaliyoshindiliwa vizuri na kukingwa dhidi ya unyevu na wadudu. Zile karatasi zinazong'aa hufanya kazi pale tu zinapokuwa na nafasi ya hewa upande unaong'aa. Zikibanwa kati ya bati na mbao ni mapambo ambayo hakuna atakayeyaona.

Historia ya fani hii yenyewe ilipita njia hiyo. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, watu wa nchi za baridi walijenga nyumba za vioo vikubwa na mawe mengi, na nyingi zikawa na tabia ileile anayoihofia mumeo. Kisha mwaka 1977, mjini Regina nchini Kanada, mahali ambapo baridi huzidi nyuzi 30 chini ya sifuri, ikajengwa nyumba ya majaribio iliyokuja na hoja tofauti: kuta na dari zenye vihami joto vinene mno, mianya iliyozibwa kwa makini, na madirisha ya wastani yaliyoelekezwa kusini. Haikuwa na tanuri la kupashia joto. Mwaka 1991 zikafuata nyumba za Darmstadt, Ujerumani, na kutokana nazo kikawekwa kiwango kinachofuatwa hadi leo: joto la kuongeza lisizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Jua bado lilikuwa na kazi humo, lakini lilikuta nyumba inayojua kutunza.

Nimalizie swali lako la uendelevu. Paneli nzuri hugeuza takribani sehemu moja ya tano ya mwanga kuwa umeme. Dirisha huingiza ndani zaidi ya nusu yake likiwa joto. Kwa kupasha nyumba, kwa hiyo, kuchukua jua na kuligeuza umeme kisha umeme kuwa joto tena ni safari ndefu ya kwenda pale ulipokuwa. Mwelekeo wa nyumba hauna betri ya kubadilisha wala fundi wa kuita, na unadumu kadiri nyumba inavyodumu. Lakini friji haiendeshwi na dirisha. Wekeni paneli kwa taa na vyombo, na muache jengo lishughulike na joto. Kisha mtu asikuuzie zege jingi kwa jina la mazingira: utengenezaji wa saruji hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Uzito mzuri ni ule ambao nyumba ingekuwa nao hata hivyo, yaani sakafu na kuta za ndani, na tofali la udongo lililoshindiliwa hufanya kazi hiyo bila tanuri.

Kabla ya kuchimba msingi, nenda kiwanjani na kijiti kilichonyooka. Kisimamishe wima, weka alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10 kuanzia saa 5 hadi saa 8 mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote kiko kwenye mstari halisi wa kaskazini na kusini. Dira ya simu inaweza kukupotosha, hasa ukiwa karibu na nondo au gari. Kama kijiti kimekosa kivuli kabisa, jua liko utosini siku hiyo, rudi baada ya wiki mbili tatu. Urefu wa nyumba uufuate mstari unaoukata huo, mashariki kwenda magharibi, ili kuta fupi ndizo zitazame macheo na machweo. Kugeuza ramani leo ni kufuta kwa penseli. Wiki mbili baada ya zege kumwagwa hakuna atakayeigeuza.

Na mandhari yenu msiyatupe. Upande huo wekeni baraza yenye kina cha mita 2, paa likiungana na la nyumba, na benchi lililoegemezwa kwenye ule ukuta mzito. Jua kali la saa 8 mchana halitaufikia. Kuanzia saa 9 litaanza kupenya chini ya paa, na kufikia saa 10 jioni litakuwa limeushika nusu ya chini ya ukuta. Mkiketi hapo wakati linazama, migongo yenu itausikia ukuta ukianza kurudisha joto.